Mbwa akila chakula chenye sumu: Hatua za kuchukua kabla ya kumfikia daktari

KATIKA nyumba nyingi humu nchini, mbwa hula kilichobaki mezani. Familia ikimaliza chakula cha jioni, ukoko wa ugali, mchuzi uliosalia kwenye sufuria na mifupa michache hutiwa katika sinia kuukuu na kupelekwa nje. Kwa kuwa mbwa amelishwa hivyo tangu jadi, wengi wetu huamini kwamba tumbo lake linaweza kusaga chochote anachokula binadamu pasipo madhara.

Imani hiyo ina kasoro. Vipo vyakula ambavyo mtoto wa shule anaweza kuvila kila siku akanawiri, ilhali vikimwingia mbwa humharibu moyo, figo, ini au damu. Tofauti hutokana na jinsi mwili wa kila mmoja unavyovunjavunja chakula. Kwa mfano, kemikali iitwayo tiobromini, inayopatikana katika kakao, hupungua kwa nusu katika mwili wa binadamu baada ya saa saba hivi. Mwili wa mbwa huchukua takriban saa 17 na nusu kufanya kazi hiyohiyo. Sumu inayomtoka mtu kabla hajalala humkuta mbwa nayo hadi kesho yake jioni.

Mbwa wengi waliokula chakula cha aina hii hupona wakihudumiwa mapema. Wanaokufa, aghalabu, ni wale ambao wenyewe hawakujua kwamba kilicholiwa kilikuwa na madhara, au walijua wakapoteza saa za kwanza wakijaribu tiba za mitaani.

Dakika za mwanzo

Umeingia jikoni ukakuta karatasi ya chokoleti imechanwachanwa na mbwa anajilamba mdomo. Jambo la kwanza ni kumwondoa mahali hapo na kuokota kilichosalia, asije akakimaliza ukiwa unatafuta simu. Iwapo kuna mbwa wengine bomani, watenge wote, kwani huwezi kujua ni yupi aliyekula.

Kisha itunze ile karatasi au mkebe. Watu wengi huitupa kwa hasira, na kumbe ndiyo shahidi muhimu zaidi katika mkasa huu. Daktari wa mifugo atataka kujua mambo manne: ni chakula gani hasa, kiasi gani kimeliwa, kililiwa saa ngapi, na mbwa ana uzito gani. Uzito si jambo la kukisia. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba mbwa, kisha upande peke yako, utoe hesabu ya pili katika ile ya kwanza. Ikiwa mbwa ni mkubwa mno wa kubebwa, mweleze daktari umbo lake na umri wake.

Mpigie daktari simu mara moja, hata kama mbwa anaonekana mzima na anatikisa mkia. Hapa ndipo wengi hukosea. Husema, "Acha tumwangalie kwanza." Lakini sumu nyingi za chakula hazionyeshi dalili hadi zimekwisha kuingia katika damu, na wakati huo kumtapisha mbwa hakusaidii tena. Kwa kawaida daktari ana nafasi ya saa mbili hivi tangu mbwa alipokula ili amtapishe kwa manufaa. Kwa baadhi ya vyakula, kama vile chokoleti na zabibu kavu, ambavyo hukaa tumboni kwa muda mrefu, nafasi hiyo huweza kurefuka kidogo.

Tiba za mitaani

Pengine hakuna jambo linalowaua mbwa wetu kwa nia njema kuliko chumvi. Ushauri wa kumkoroga mbwa maji ya chumvi ili atapike umeenea kila pembe ya nchi. Ni ushauri mbaya. Mbwa asipotapika, chumvi ile yote hufyonzwa katika damu, ikavuta maji kutoka kwenye ubongo, na mnyama akaanza kutetemeka, kupatwa na degedege na hata kuzirai. Mbwa aliyekula kipande kidogo cha chokoleti ambacho kingempa kuhara tu anaweza kuuawa na chumvi aliyonyweshwa kama dawa.

Maziwa nayo hayavunji sumu. Mbwa wengi wakomavu hawawezi kuisaga vyema sukari iliyomo katika maziwa, hivyo unamwongezea kuhara juu ya masaibu aliyo nayo. Mafuta ya kupikia ni hatari zaidi, kwa kuwa mbwa anayepambana na mikono ya watu wawili huku akimiminiwa mafuta kooni huweza kuyavuta hadi kwenye mapafu.

Kuna wanaosaga makaa ya jiko na kuyachanganya na maji, wakiwa wamesikia kwamba madaktari hutumia makaa. Ni kweli kwamba hutumia, ila si haya. Makaa ya hospitalini hutayarishwa kwa namna ya pekee hadi yakawa na vitundu vidogo visivyohesabika vya kunasa sumu. Makaa ya jikoni hayana uwezo huo, na kuyalazimisha kooni huleta hatari ileile ya kuingia mapafuni.

Usitie vidole kooni mwa mbwa. Mbali na kwamba hutapata matokeo unayoyatarajia, utaumwa. Jambo hili lina uzito wa pekee katika nchi ambayo kichaa cha mbwa kingali kinaua watu, na ambayo mwaka 2014 ilizindua mpango wa kukitokomeza miongoni mwa binadamu kufikia 2030. Mbwa anayetokwa na mate, anayeyumbayumba au aliyebadilika tabia huenda amekula sumu, na huenda ana kichaa. Kama hukumwona akila kitu, na hasa kama hajachanjwa, usiuguse mdomo wake. Mfungie mahali salama kisha umwite mtaalamu. Aliyekwisha kuumwa aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitalini siku iyo hiyo.

Ipo dawa moja ya dukani ambayo madaktari humwelekeza mwenye mbwa kuitumia nyumbani mara mojamoja, nayo ni haidrojeni peroksaidi ya nguvu ya asilimia tatu. Isitumiwe bila agizo la daktari aliyeelezwa uzito wa mbwa na kilicholiwa. Ile yenye nguvu zaidi, hasa inayotumiwa katika saluni za nywele, huchoma koo na tumbo. Aidha, kuna mbwa ambao hawapaswi kutapishwa kamwe: aliyelegea au kupoteza fahamu, anayetetemeka kwa degedege, anayepumua kwa shida, na aliyekunywa mafuta taa au kemikali inayochoma. Mbwa wa pua fupi pia huweza kupaliwa kwa urahisi.

Vilevile usimpe dawa za binadamu za kutuliza maumivu. Parasetamoli na ibuprofeni zenyewe ni sumu kwa mbwa.

Vyakula vya kuogopwa

Chokoleti ndiyo maarufu, na hapa hesabu husaidia. Mbwa huanza kutapika na kukosa utulivu akiwa amepata takriban miligramu 20 za tiobromini kwa kila kilo ya uzito wake. Akifikia miligramu 40 hadi 50, moyo huanza kwenda mbio kupita kiasi. Akipita 60, degedege huweza kumwandama. Sasa chukua mbwa wa kilo 10. Gramu 100 za chokoleti ya maziwa zina takriban miligramu 200, kwa hivyo atasumbuka ila huenda asifikie hatari kubwa. Kiasi kicho hicho cha chokoleti nyeusi kina miligramu 500 au zaidi, na hapo moyo umo hatarini. Unga wa kakao ndio mkali kuliko vyote: gramu 50 pekee zinaweza kumpitisha mbwa huyo kwenye kiwango cha degedege. Kwa hiyo ukimpigia daktari, usiseme tu "amekula chokoleti". Sema ni ya aina gani. Kahawa na majani ya chai, hata yaliyokwisha kuchemshwa na kumwagwa kwenye jaa, yana kafeini inayofanya kazi kwa njia kama hiyo.

Zailitoli ni sukari bandia inayotiwa katika chingamu na peremende zisizo na sukari ya kawaida, dawa za meno na baadhi ya siagi za njugu. Kwenye kibandiko jina lake huanza kwa herufi ya X, au huandikwa kwa alama ya E967. Haimdhuru binadamu, lakini kongosho la mbwa hudanganyika kwamba sukari nyingi imeingia mwilini, likamwaga insulini, na sukari ya damu ikaporomoka. Gramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito hutosha kuleta maafa hayo. Kipande kimoja cha chingamu kinaweza kuwa na theluthi ya gramu hadi gramu nzima, hivyo mbwa mdogo wa kilo tano hahitaji zaidi ya kipande kimoja au viwili. Dalili huweza kuanza katika nusu saa tu: anatapika, analegea, anayumba kama mlevi, kisha anaanguka. Kiasi kikubwa zaidi huharibu ini. Huu ndio mkasa pekee ambapo kitu cha jikoni huwa na faida: mbwa akilegea mkiwa njiani, mpake asali au sukari iliyolowa maji kwenye fizi, bila kummiminia kooni, huku safari ikiendelea.

Vitunguu ndivyo ninavyovitilia shaka zaidi katika mazingira yetu, kwa sababu hakuna mchuzi wa Kenya usioanza kwa kukaanga kitunguu. Vitunguu maji, vitunguu saumu na majani yake huvunja seli nyekundu za damu ya mbwa. Kupika hakuondoi sumu hiyo, wala kukausha na kusaga. Gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo huleta madhara makubwa kwa mkupuo mmoja, yaani kitunguu kimoja kikubwa kwa mbwa wa kilo 10. Kitunguu saumu ni kikali zaidi kwa uzito. Mbwa aliyelamba mchuzi kidogo kwenye ugali hatakufa. Wa kuhofiwa ni yule anayepewa kila usiku masalia mazito ya chini ya sufuria, ambako vitunguu hutuama, kwani vipimo vidogo vinavyorudiwa hujumlishana. Dalili hazionekani siku ile. Hutokea baada ya siku tatu hadi tano: fizi zinapauka, mkojo unakuwa wa rangi ya chai nzito, na mbwa aliyekuwa akibweka usiku kucha anashindwa kuinuka.

Zabibu, mbichi au kavu, huua figo. Keki ya Krismasi na pilau yenye zabibu kavu ndizo njia za kawaida zinakopitia. Ugumu wake ni kwamba hakuna kipimo kinachotabirika: mbwa mmoja hula kikombe kizima asidhurike, mwingine akala chache akapoteza figo. Kwa miaka mingi wataalamu hawakujua kiini chake, hadi mwaka 2021 madaktari wa kituo cha sumu za wanyama nchini Marekani walipopendekeza kwamba mkosaji ni asidi ya tataria. Ugunduzi huo unatugusa moja kwa moja, kwa sababu tunda lenye wingi wa asidi hiyo ni ukwaju. Visa vya mbwa kuharibikiwa figo baada ya kula ukwaju vimekwisha kuandikwa katika majarida ya kitabibu. Wakazi wa Pwani na Ukambani, ambako ukwaju huanikwa uani na makapi yake kutupwa ovyo, wana sababu ya kuwa waangalifu. Mbwa aliyekula zabibu au ukwaju hutapika ndani ya siku moja, kisha kati ya siku ya kwanza na ya tatu mkojo hupungua au kukatika. Mkojo ukishakatika, matumaini huwa haba.

Makadamia inastahili kutajwa kwa ajili ya wakulima wa Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru. Mbwa aliyekula njugu hizi huweza kuishiwa na nguvu katika miguu ya nyuma, akatetemeka na kupata homa ndani ya saa 12. Inatisha kutazama, lakini karibu kila mara hupona baada ya siku moja au mbili. Unga wa mandazi uliotiwa hamira ni hatari kuliko unavyoonekana, kwa sababu huendelea kufura ndani ya tumbo lenye joto na kutoa pombe. Machicha ya busaa nayo yana pombe ambayo mwili wa mbwa hauistahimili.

Kuhusu avokado, hofu iliyoenezwa imezidi ukweli. Sumu yake huwadhuru mbuzi, farasi, sungura na ndege, lakini mbwa huistahimili kwa kiasi kikubwa. Cha kuchunga ni kokwa, ambayo huweza kukwama na kuziba utumbo.

Mwizi au jirani?

Mbwa akifa ghafla usiku, shaka ya kwanza humwangukia mwizi aliyetupa nyama yenye dawa juu ya ua, na ya pili humwangukia jirani aliyekuwa akilalamika kuhusu kelele. Visa vya namna hiyo vipo. Dawa za kuulia wadudu mashambani zinazotumiwa kwa uhalifu huo humfanya mbwa atokwe na mate mengi, ajikojolee na kuhara, mboni za macho zisinyae na misuli itetemeke, yote kwa kasi kubwa. Hata hivyo, kabla ya kuvunja ujirani, ni vyema kuuliza nyumbani nani alimpa mbwa nini. Watoto huogopa kukiri kwamba walimgawia chokoleti, na kimya chao humnyima daktari habari anayoihitaji. Mwambie mtoto wazi kwamba hataadhibiwa.

Kwa daktari

Safari yenyewe ni mtihani. Mbwa wa kilo 30 hapandishwi bodaboda kwa urahisi, na magari mengi ya abiria humkataa. Gunia imara au blanketi linaloshikwa pembe nne hutosha kumbeba hadi barabarani. Hii ndiyo sababu nambari ya daktari na ya mwenye gari ziwe zimeandikwa mapema, wala zisitafutwe saa nne za usiku. Hakikisha unayempigia amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kama inavyotakiwa na sheria ya mwaka 2011. Jijini Nairobi na viungani, kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi katika bewa la Kabete ni miongoni mwa mahali penye wataalamu wa fani hii. Kwingineko, ofisi ya mifugo ya kaunti huweza kukuelekeza kwa daktari aliye karibu.

Daktari akiwahi, atamdunga mbwa sindano ya kumtapisha, kisha huenda akampa makaa maalumu. Makaa hayo hayafai sana kwa zailitoli, ambayo huhitaji sukari ya mshipani na kupimwa damu mara kwa mara. Aliyekula zabibu hutundikiwa maji kwa siku mbili au zaidi na figo zake kupimwa kwa siku tatu. Aliyekula chokoleti hupewa dawa za kutuliza moyo na degedege, na hutolewa nje kukojoa kila mara. Hilo la kukojoa si usafi tu: tiobromini iliyo kwenye kibofu hufyonzwa tena kupitia ngozi ya kibofu na kurudi katika damu, hivyo mbwa anayebana mkojo anajitilia sumu upya.

Kuhusu gharama, uliza mapema na useme uwezo wako bila haya. Kutapishwa katika saa ya kwanza ni kazi ya sindano moja. Kutundikiwa maji kwa siku tatu ni jambo jingine kabisa.

Mahindi yaliyoota ukungu

Nimeliacha hili mwisho kwa kuwa halifanani na mengine. Halitokani na bahati mbaya wala mbwa mdokozi. Ni sisi humpa kwa kukusudia. Mahindi yakiota ukungu ghalani, mengi huchaguliwa: mazuri ni ya watu, mabovu ni ya mbwa na kuku. Ukungu huo huzalisha sumukuvu, ambayo huharibu ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathiriwa nayo upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mbwa na kuku wengi walikufa nchini kutokana na sumu hiyo. Mwaka 2004 ikawa zamu ya watu, pale wagonjwa 317 walipoorodheshwa katika maeneo ya mashariki, hususan Makueni na Kitui, na 125 kati yao kufariki.

Kuchemsha uji au kusonga ugali hakuiondoi. Mbwa aliyeathirika hukataa chakula, hutapika, hunyong'onyea, macho na fizi zake huwa za manjano, na huenda akatoa kinyesi chenye damu au tumbo likajaa maji. Kumtapisha wakati huo hakufai kitu, kwa kuwa sumu imekuwa ikiingia kidogo kidogo kwa siku au majuma. Hakuna dawa mahususi ya kuiondoa. Daktari hulisaidia ini tu, na mbwa wengi hawafiki mbali.

Ukiona mbwa na kuku wa boma moja wanaugua kwa pamoja na macho ya mbwa yamegeuka manjano, usiishie kumtibu mbwa. Funga gunia walilokuwa wakilishwa, na usilitumie kwa mnyama yeyote. Kisha likague na lile jingine lililoko jikoni, maana mara nyingi yote mawili yalitoka ghala moja. Wajulishe maafisa wa kilimo na wa afya, na nyumbani pasipikwe mahindi hayo hadi yapimwe.